Mashinisti Walimwangalia Papa Ngoie

Krrr-krrr-krrr! Hivyo ndivyo telefone ya gare, stesheni yetu ya reli, ilivyolia asubuhi yangu ya kwanza, sauti kavu kama kuku anayeparua bati. Nilishtuka nikamwaga chai. Gare ndogo, si mbali na Kamina, na mkubwa wake mimi, binti wa kambi ya reli niliyeachia shule katikati ya sekondari.

Wadogo zangu mnaouliza kazi hii inafanywaje, ni hivi. Reli ni moja, treni zinatoka pande mbili. Treni haiondoki mpaka gare ya mbele iseme kwenye telefone kwamba njia iko wazi. Hapo mkubwa wa gare anasimama kando ya reli na kuinua palette, kibao cha duara chenye mkono, upande mmoja kijani, mwingine mwekundu. Mashinisti, mwendesha treni, akiona kijani, anakwenda.

Basi niliinua kijani. Mashinisti akatoa kichwa dirishani, akatazama juu ya bega langu.

"Mama, utoke kwanza ku juwa, utaungua. Papa Ngoie, tuende?"

Papa Ngoie, mzee wetu wa kugeuza reli, aliyesimama nyuma yangu, akaitika kwa kichwa. Treni ikaondoka. Wasafiri walicheka, nami nikacheka nao. Nilifurahi tu kwamba imeondoka.

Ikawa desturi. Mimi nainua, Papa Ngoie anaitika. Ningelalamika wapi? Nilikuwa kwa interimu, yaani unashika nafasi huku wakikupima, na Shefu wa Trafiki wa Kamina alikwisha kuniambia: "Binti, minyi siko mubaya. Lakini siku bamashinisti bataacha kukusikia, natuma mwanaume." Nikisema hawanisikii, nimejifukuza mwenyewe. Na bado, jamani, niliota mchana kweupe kuongoza gare kubwa ya Kamina!

Siku moja treni ya mizigo ilingoja kwetu, kwenye reli ya kando ya kupishania. Gare ya mbele ilisema tuishike, ya wasafiri iko njiani. Nikasimama na chekundu. Wakati huohuo mama mkwe wa Papa Ngoie, kizee chenye fimbo, akavuka reli na kapu la mihogo. Kwetu Baluba mwanaume hamtazami mama mkwe usoni. Papa Ngoie akasogea kando, akavua kofia, akainamisha kichwa.

Mashinisti akaona kichwa kimeinama. Akapiga honi, akaondoka.

Nilikimbia kando ya mashine, chekundu juu, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Viatu vilibaki nyuma. Breki zikalia, treni ikasimama karibu kabisa na pale reli zinapokutana. Punde ile ya wasafiri ikaingia, na akina mama wenye samaki wa Kinkondja wakatupungia mikono, hawajui kitu.

Mashinisti alishuka. "Lakini Ngoie alisema tuende!"

"Alikuwa anaheshimia mukwe yake!" nikamjibu, machozi yananitoka.

"Mama Shefu," akasema, naye hakuwahi kuniita hivyo, "tusiseme kwa Kamina. Bataniondoa minyi, na weye pia."

Alisema kweli. Hata hivyo nilishika telefone. "Shefu, bamashinisti habaangaliake palette yangu. Banaangaliaka mwanaume iko nyuma yangu. Leo ingeua bantu."

Shefu akauliza: "Unajua hii kesi iko kwa jina yako?"

"Iko kwa jina yangu, Shefu."

Amri ikatoka: macho kwa palette tu. Mwanaume hakutumwa. Cheo nacho hakikuja. Mpaka leo niko kwa interimu, na kila barua ya Kamina naifungua kwa vidole baridi. Papa Ngoie alikwenda pensheni yake bila lawama. "Binti yangu," aliniambia siku ya kuaga, "nilizania nakusaidia."

Lakini pensheni haimtoi mtu relini. Kila asubuhi anakuja na kukaa nyuma yangu, anasalimia treni kwa kichwa, na macho ya mashinisti yameanza kuteleza tena kwake. Kumfukuza siwezi, nampenda mno. Leo, kabla hajafika, nilibeba mwenyewe kiti chake, nikakizungusha mpaka nyuma ya gare, penye kivuli, kitazame njia ya soko. Nikakipangusa vumbi, nikarudi relini.