"Sisi Ndio Tuliokuweka"

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya kumwona mbunge, katika ukumbi wa maktaba, mtaani kwetu Kilburn, huku ughaibuni. Mbunge mwenyewe ni dada yetu wa Unguja. Kwa miaka mingi kabla ya kuchaguliwa alikuwa akitujazia fomu za nyumba na kutufasiria hospitalini, bila kutudai hata chai.

Mara akaingia mwenzetu mmoja. Akampita bibi wa Kisomali aliyeegemea mkongojo, akapiga kiganja mezani.

"Dada, barua yangu ya nyumba, ya kwenda kansili ya mtaa, nataka imalizike leo. Sisi ndio tuliokuweka hapo!"

Mtu huyu nilimsikia kwa masikio yangu kwa kinyozi, wakati wa kampeni: "Mjaza fomu yule atatuaibisha mbele ya Wazungu." Siku ya kura alibaki kitandani, na akajisifu kwa hilo.

Mbunge hakuinua sauti. "Bibi huyu amekuja kabla yako, kaka. Kakae nyuma yake."

"Umeshasahau ulikotoka!"

"Sijasahau. Nilitoka sebuleni kwenu, nikimsomea mama yako barua za hospitali, wewe ukiangalia mpira."

Akarudi nyuma, mdomo kaubinua. Zamu yake ilipofika, mbunge alimsikiliza hadi mwisho, akamwandikia barua. Jamaa akaichukua akaondoka, hata ahsante hakusema.

Mimi ningemtoa nje kwa kola. Labda ndiyo maana yeye kachaguliwa, nami naandika gazetini.