Kesi ya Mama Tangi na Neno Moja Lililokosekana

Ndeti alikuwa fundi wa akala, viatu vya mpira wa tairi, pale Kariokor, Nairobi, mwembamba na mpole, na kwa miaka kumi na mmoja mjini hakuwahi kugombana na kitu chochote isipokuwa tairi. Alikuwa ameachia masomo darasa la tano huko Kangundo. Mwaka wa 1980, watu wazima walipohimizwa kurudi shuleni, alijiandikisha katika darasa la Kiswahili lililofanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa mtaa wa Bahati, alikokuwa akiishi. Kusema kweli ni mkewe, Mbithe, aliyemsukuma. Alimwambia kwamba mwanamume anayeshinda kitandani Jumamosi nzima akisikiliza mpira redioni ama asome ama achambue maharagwe.

Mwalimu wao alikuwa Zedekiah, mtu mfupi mwenye suti ya kahawia, aliyependa fasihi kuliko chakula cha mchana. Muhula wa kwanza aliwafundisha herufi kubwa na barua rasmi, na hakuna aliyeumia. Muhula wa pili zikaingia tamathali za semi, na hapo ndipo Ndeti alipoharibika.

Mwalimu alieleza kwamba mwandishi hodari hasemi tu kuwa mtu ana hasira, bali humfanya avunje kikombe. Akaeleza tashbihi, ambayo hufananisha vitu kwa neno kama "kama" au "mithili ya", na istiari, ambayo hulitupa neno hilo na kusema kitu kimoja ndicho kingine. Kisha chuku, ya kutia chumvi. Kinaya, ya kusema kinyume. Na tashihisi, ya kuvipa vitu tabia za watu. Ndeti alirudi nyumbani kichwa kikiwa kimejaa, akashindwa kula.

Jumatatu alianza kazi. Mteja mmoja, mzee wa kanisa, alipouliza kama akala zitadumu, Ndeti akatumia chuku: akamwambia zitamzika yeye, mkewe na pasta wao. Mzee aliziweka chini polepole akaondoka. Jumanne akajaribu kinaya. Alimwambia mama mmoja kwamba akala zake ni mbovu kabisa, hata mbwa hawezi kuziiba. Yule mama alimshukuru kwa ukweli wake, kisha akanunua kwa Matheka, fundi wa kibanda cha pili. Jumatano Ndeti alimnong'onezea Matheka kwamba nyundo yake imenuna tangu asubuhi. Matheka alimtazama kwa muda mrefu, halafu akamkatia nusu ya chapati yake.

Wiki hiyo mwalimu akatoa kazi: kila mmoja aandike hadithi ya kurasa mbili, na iliyo bora isomwe siku ya kufunga muhula mbele ya wakazi wote. Ndeti aliketi dirishani na daftari. Dirisha lile lilitazama jikoni, mahali ambapo familia nne zilipikia pamoja, na jikoni alikuwepo Waruguru.

Huyu Waruguru, ambaye wengi walimwita Mama Chege kwa jina la mwanawe, alikuwa mjane muuza viazi, mwenye mwili wa kutosha, mwanya mzuri na sauti iliyoweza kumwita mtu aliye mtaa wa Jerusalem bila yeye kutoka mlangoni. Ndeti alimtazama akikoroga githeri, mahindi na maharagwe. Kalamu ikaanza kutembea.

Hadithi ilimhusu Mama Tangi, muuza vitunguu. "Mama Tangi alikuwa tangi," iliandika kalamu. "Alipopita, sakafu ililia na milango ikasali." Sufuria yake ilikalia jiko kuanzia asubuhi hadi jioni, majirani wakakonda, na mwishoni jiko lenyewe lilichoka, likasimama kwa miguu yake mitatu likahamia mtaa wa Kaloleni. Ndeti alikuwa amegeuza viazi kuwa vitunguu, akaamini amemficha mtu vya kutosha.

Mwalimu Zedekiah alipoisoma alikaribia kulia kwa furaha, akaichagua. Siku ya kufunga muhula ukumbi ulijaa, na Waruguru alikuwa safu ya pili, kwenye kiti cha mbele ya Mbithe. Ndeti alisoma. Watu walicheka, na Waruguru akacheka kuliko wote, mpaka ilipofika sehemu ya mwanya wa Mama Tangi. Hapo vichwa vikaanza kugeuka kimoja kimoja. Waruguru aliinuka, akajitanda khanga, akaelekea mlangoni. Kwa bahati mbaya sakafu ya ukumbi ule ilikuwa ya mbao, nayo ikalia.

Hakumtukana mtu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Wanyoike, mwenyekiti wa wapangaji, akashtaki. Kesi ikasikizwa Jumapili baada ya ibada, palepale ukumbini, na waliohudhuria walikuwa wengi kuliko waliokuwa kanisani.

Waruguru alieleza kwamba hakuudhika kwa sababu ya unene. Mwili wake aliujua, maana aliubeba mwenyewe. Alichotaka kufahamu ni kama ni halali mtu kugeuzwa kuwa chombo cha maji. Mzee Wanyoike akamwomba mwalimu atoe ushahidi wa kitaalamu. Mwalimu alichukua chaki, akajaza ubao mzima, akaendelea kidogo ukutani.

Alipomaliza, Waruguru alimwuliza, "Kwa hivyo angesema mimi ni kama tangi, ningebaki mtu?"

"Ungebaki mtu, Mama Chege. Mtu anayefanana na tangi."

"Na alipoliacha hilo neno?"

Mwalimu alitazama ubao wake. "Kifasihi, umekuwa tangi."

Ukumbi ulinguruma. Ndeti alisimama, akajitetea kwamba Mama Tangi ni mhusika wa kubuni, tena anauza vitunguu. Perez, mwanafunzi mwenzake aliyekaa nyuma, aliomba ruhusa ya kuuliza swali moja tu: mbona vitunguu vya kwenye hadithi vilikuwa vimeota macho? Ndeti alifungua daftari, akasoma, akalifunga. Vinavyoota macho ni viazi.

Mzee Wanyoike aliamua kwamba mshtakiwa airekebishe hadithi kwa kuongeza neno "kama", na aisome tena mbele ya watu wote.

Juma lile Ndeti hakulala vizuri. Hakuwa mtu wa kuumiza wengine, na kila Waruguru alipompita jikoni kimya alihisi aibu ikimpanda mpaka masikioni. Mbithe hakumsaidia, alimpa maharagwe achambue. Ndeti akamshonea Waruguru akala za kuomba radhi, za ngozi juu na mpira mzuri chini, akampelekea.

Waruguru alizigeuza mkononi. "Hizi ni akala, au ni kama akala?"

"Ni akala, Mama Chege."

Alizivaa papo hapo.

Jumamosi ilipofika, Ndeti alisimama mbele ya umati. Kwa woga alikuwa ameongeza neno lile kila palipokuwa na nafasi. "Mama Tangi alikuwa kama tangi," alisoma. "Aliamka kama asubuhi, akawasha kama jiko, akabandika kama sufuria ya kama githeri." Kufikia ukurasa wa pili Mzee Wanyoike alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yakitikisika, na Waruguru alikuwa amemshika Mbithe mkono asianguke kwa kicheko.

Hata hivyo alimwendea Ndeti baadaye, akamwambia kwamba yeye hakujua kusoma, kwa hiyo hangeweza kuthibitisha kama daftari limebadilishwa kweli au ni mdomo tu. "Mdomo ni wako," alisema. "Daftari nitaliona mwenyewe."

Muhula uliofuata alijiandikisha, akakaa kiti cha mbele. Ilimchukua miezi minane kufika kwenye daftari la Ndeti, akalikagua neno kwa neno, akapata makosa sita ya tahajia.

Mwaka wa pili aliandika hadithi yake. Ilisimulia asubuhi aliyoondoka Kinangop juu ya lori la viazi, mama yake akiwa kando ya barabara. Mama alifungua kitambaa cha kichwa akakifunga, akafungua tena akakifunga, mpaka lori likakata kona. Hadithi iliishia hapo.

Mwalimu aliuliza kitambaa kile kilikuwa ishara ya nini. Perez alisema upendo. Ndeti alisema hofu. Waruguru alisema kilikuwa kitambaa, na mama alikuwa anakifunga tu. Kisha akakaa, akafikiri, akasema taratibu, "Labda."

Mwalimu Zedekiah alihamishwa Machakos mwaka wa 1983. Mwalimu mwingine alichelewa kuletwa, na kwa miezi minne darasa lilishikwa na Waruguru, akielekeza ubaoni kwa mwiko. Ndeti hakukosa hata Jumamosi moja, ingawa mara mbili alitolewa nje kwa kupiga kelele.