Binti wa Karani na Ugonjwa wa Gemu

Karani wa faili alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa katika masjala ya hospitali, na ukimtajia namba ya mgonjwa hakuhitaji kompyuta. Alinyoosha mkono tu, faili hilo hapo. Kilichomshinda ni binti yake wa pekee, mwanafunzi wa maabara mwaka wa pili, ambaye gemu ilikuwa imemteka mzimamzima. Chai inapoa pembeni, nywele hazijachanwa, chuoni hajakanyaga wiki saba. Chuo nacho kilikuwa kimechoka: alete cheti cha daktari kwamba anaumwa, la sivyo nafasi yake atapewa mwingine.

Basi mama na binti wakapanda orofa ya juu ya hospitali hiyohiyo, kwa madaktari wa akili. Binti alikaa ndani na daktari wa kike saa nzima. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Akatangulia nyumbani, na madaktari wawili wakaanza kuvutana mbele ya mama mtu, faili likiwa katikati.

"Ni ugonjwa," alisema yule wa kike. "Kitabu kipya cha magonjwa kinautaja. Anataka kuacha, hawezi. Unataka nini zaidi?"

"Kitabu, kitabu!" alifoka daktari mwenzake, mzee wa kiume. "Kesho tutawaandikia na wapenda mpira. Huyu ana huzuni yake, gemu ni mahali pa kujificha tu. Tukimbandika jina hilo leo, nani atalibandua?"

Hapo ndipo karani alipochomwa. Wao walikuwa wanabishana kitaalamu. Yeye alikuwa anajua faili linavyoishi. Alishawaona wenzake masjala wakiyafunua mafaili ya orofa ile kwa vicheko. Na Mungu amsamehe, hata yeye alishawahi kucheka. Akamfuata daktari wa kike koridoni.

"Daktari, nakuomba kama mzazi mwenzangu. Usimwandikie ugonjwa."

"Na chuo je?"

"Chuoni nitakwenda kuwapigia magoti mwenyewe."

Daktari alimtazama, akashusha pumzi, akaandika, kwenye faili na kwenye cheti cha chuo, kwamba hakuna ugonjwa wa akili uliothibitishwa. Karani akalirudisha faili rafuni kwa mkono wake, roho imetulia.

Magoti aliyapiga kweli. Msajili wa chuo, mtu mstaarabu, alimvutia kiti, akamsomea maneno yaleyale ya daktari. Kama hana ugonjwa, basi ni mtoro, na mtoro anafukuzwa. Na maneno yale mama aliyaomba mwenyewe.

Alimkuta binti chumbani, mapazia yamefungwa mchana kweupe, vidole vikikimbia. Akamweleza yote, hata la koridoni, kwa kuwa uongo ulimshinda. Vidole vikasimama. Kwenye kioo cha kompyuta mtu wake wa gemu akapigwa, akaanguka, binti hakujali.

"Nilimwambia daktari mambo ambayo hata wewe sijakwambia," alisema. "Nimeifuta gemu hii mara kumi na nne, Mama. Nikadhani amenielewa."

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu."

"Najua." Akamgeukia. "Kwa hiyo siumwi? Ndivyo nilivyo tu?"

Mama alikaa kitandani, akaanza kulinyoosha shuka. Binti alimsubiri, akamsubiri, kisha akaivuta kompyuta karibu na kuanza mchezo upya.