Neno la Siri la Marehemu

Jambo hili sijamsimulia hata mke wangu, na nyie nawaambia kwa sababu kulibeba peke yangu nimechoka. Mpaka leo nikifika Kisarawe natembea kichwa chini.

Mimi ni mwalimu msaidizi wa kompyuta kwenye shule moja hapa Mkuza, Kibaha. Aliyekuwa juu yangu ni Mwalimu Shabani, ndiye aliyeziwekea mashine zetu zote mfumo wa Linux na kunifundisha kila ninachokijua, halafu akaugua, Mungu akamchukua. Wiki ya tatu baada ya mazishi nikapewa mitihani ya majaribio ya kidato cha nne niichape, inafanyika kesho yake asubuhi, na printa ni mpya, haijawekewa programu yake. Nikaandika amri ya kuiweka, laptopu ikadai neno la siri. Nikajua inamtaka msimamizi, yaani marehemu (mimi ni nani hata niitwe msimamizi?), nikajaribu maneno yake ya zamani aliyoyabandika ndani ya kabati, likakataa la kwanza, la pili, la tatu, na kila nikiandika hakionekani hata kinukta, nikahisi mashine inanidharau.

Badala ya kutulia nikaitia laptopu kwenye begi, nikapanda bodaboda mpaka Kisarawe, nyumbani kwa marehemu, ambako mjane wake alikuwa amekaa eda.

Hebu nifikirieni. Nimekaa mkekani kati ya shemeji zake na majirani waliokuja kutoa pole, laptopu mapajani, mjane yuko nyuma ya pazia, nami namwomba neno la siri la mumewe. Mama wa watu akaanza kutaja taratibu: kijiji alichozaliwa marehemu, kikakataa, mwaka wa ndoa yao, ukakataa. Kisha akasema, "Jaribu Mwanaidi," na sauti ikamkatika. Shemeji mmoja akaninong'oneza kuwa huyo alikuwa mtoto wao wa kwanza, alifariki kabla hajatimiza siku arobaini. Nikaliandika jina hilo.

Likakataa, na ikabidi niseme kuwa limekataa. Nyuma ya pazia wanawake wakaanza kulia.

Aliyenitoa hapo ni mjane mwenyewe.

"Mwanangu, hapo wanapokuuliza pameandikwaje?"

Nikausoma ule mstari kwa mara ya kwanza siku ile: neno la siri la Idrisa.

"Idrisa ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Basi si wanakuuliza wewe?"

Nikaandika neno langu, hili hili ninalofungulia mashine kila asubuhi. Likakubali. Hakuna aliyecheka, na bora wangecheka. Nikaomba radhi mpaka maneno yakaniishia, naye akasema marehemu alimwambia akiwa kitandani kwamba mashine zote ameshaniachia mimi nizisimamie, akadhani ninajua.

Sikujua. Nililia njia nzima ya kurudi Kibaha, dereva wa bodaboda akafikiri nimefiwa, na kwa kweli ndiyo kwanza nilikuwa nimefiwa.

Mitihani ilichapwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila hawakusema ukaulize kwenye eda, na jina la Mwanaidi nililomfanya yule mama alitaje mbele za watu siwezi kumrudishia. Siku hizi mashine ikiniuliza kitu nasoma mstari wote kwanza, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wananicheka, nami nawaacha wacheke.