Mkono Begani

Mtengeneza mabango wa hapa Marshalltown hajui kutulia. Akikaa, goti linatikisika mpaka kompyuta inacheza mezani. Kila kazi huitazama jicho moja limefumba, kisha huanza kufuta: maua, njiwa, mistari ya dhahabu tuliyomlazimisha aweke. "Nafasi tupu nayo inasema," hufoka. "Mbona mnaiziba mdomo?" Tunanuna, halafu tunakuta bango letu peke yake ndilo linalosomeka kutoka ng'ambo ya robot, zile taa za kuongoza magari.

Jana Mama Léocadie alileta picha ya marehemu mumewe, aliyopigwa katikati ya watu kwenye harusi ya jirani, atengenezewe bango la mazishi. Jamaa akawakata wote waliomzunguka, harakaharaka, kama anayefukuza nzi, huku goti likienda. Ukabaki mkono mmoja, begani kwa marehemu, hauna mwenyewe. Akasogeza kipanya aufute na huo.

"Uache, papa," Mama Léocadie akasema. "Ni wangu."

Goti likasimama. Akalisukuma jina pembeni, akazipunguza tarehe, akaondoa hata msalaba, mpaka ule mkono ukapata pa kukaa.