Masaa Kumi na Moja ya Wifi

Kaka yangu ni fundi saa, ana kibanda chini ya ngazi za jengo la benki, na ana wivu wa kufa mtu. Simsengenyi, mbele yake nasema pia. Ukoo wetu mzima ndivyo tulivyo, hata mume wangu atakwambia, ila wa kaka umepitiliza.

Mkewe, wifi yangu, alikuwa ng'ambo miaka miwili akihudumia wazee wagonjwa. Wiki moja kabla ya kurudi akanipigia simu. "Wifi, safari hii nakuja jumla, huku sirudi tena. Usimwambie kakako, nataka nimwambie mwenyewe nikifika." Nikafunga mdomo, ingawa furaha ilitaka kunipasua.

Kaka naye akaenda kwa mkata tiketi kuulizia safari yenyewe. Kilomita elfu saba, akaambiwa, masaa tisa angani. Akaja kwangu kakunja uso.

"Dada, nimepiga hesabu. Toka aondoke kule mpaka atue hapa ni masaa ishirini. Angani ni tisa. Hayo kumi na moja anayapeleka wapi?"

"Si anabadilisha ndege kwenye ule mji wa katikati? Anasubiri."

"Anasubiri na nani?"

Jamani! "Na begi lake," nikamwambia. Hakucheka. Tangu siku hiyo chakula kikawa hakipiti, wateja anawajibu kwa mkato, anawaza masaa kumi na moja tu.

Siku ikafika, tukaenda uwanjani kumpokea. Wifi akatoka na mkokoteni wa mizigo, macho mekundu kwa uchovu, anacheka kwa mbali. Badala ya kumkumbatia, kaka akamdaka mkono na kuikodolea macho ile saa aliyomvisha siku ya harusi yao.

"Enhe!" akasema, kama mtu aliyefumania. "Hapa ni saa nane. Kule ulikokuwa ni saa sita. Mbona yako ni saa saba? Saa saba ni kwenye ule mji wa katikati! Ulistarehe huko mpaka ukarekebisha na saa. Nani alikupokea?"

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze, tena yeye aanze.

Wifi akavua saa taratibu. "Hii sijaibadilisha tangu niondoke. Niliiacha kwenye saa za hapa, nikiitazama nijue umeamka, nijue umefunga kibanda. Mwezi huu ndio imeanza kuchelewa. Mafundi wa kule walitaka kuifungua, nikawakatalia. Nikawaambia ina fundi wake."

Akamwekea kiganjani.

Fundi mzima! Saa mbovu ndizo zinazomlisha, na hata haikumjia akilini kwamba saa huchelewa. Akawa anaigeuza saa kiganjani, na mimi nikasema moyoni, sema pole, bwana, sema lolote. Wapi!

Wifi akanigeukia. "Wifi, ndege ya kurudi inaondoka lini?"

Mimi nitajuaje? Kaka ndiye aliyekariri ratiba za ndege zote, za kuja na za kwenda, ili mkewe asije akamdanganya. Ulimi ukamponyoka kabla hajawaza.

"Leo, saa nne usiku."

"Ahsante," wifi akasema, akageuza mkokoteni.