Majina Yataondolewa

Glenys Ashworth alikuwa na redio. Ilikaa kwenye kona ya kaunta ya mapokezi, katika zahanati ya mtaa ule wa matofali mekundu chini ya kilima, wala haikuwekwa pale kwa ajili ya muziki. Mtu akilikaribia dirisha huku ameinamisha kichwa, akaanza kunong'ona habari za kibofu au za chumbani, mkono wa Glenys ulikwenda wenyewe kwenye kitufe. Sauti ya redio ikapanda, na waliokaa kwenye viti wakabaki kusikiliza matangazo ya mazulia. Madaktari walikuja na kuondoka, Glenys na redio yake wakabaki.

Mji mzima ulimchukia kwa swali moja: "Naomba kujua, ni kuhusu nini?" Ilikuwa kazi yake kuuliza, ili daktari ajue nani atangulie, lakini nani anataka kuulizwa hivyo saa mbili asubuhi? "Umesomea wapi udaktari, bibi?" walimjibu. Hata hivyo hao hao waliomnunia walijua kwamba ukimwambia Glenys jambo, umelitupa kisimani. Marehemu mumewe, Harold, alikufa bila kujua kwa nini jirani yao alihama ghafla. Kila Ijumaa alikuwa akileta samaki na viazi vya kukaanga, anamwekea mkewe kipande kikubwa, kisha anajaribu bahati yake.

"Nidokeze tu, Glen. Herufi ya kwanza."

"Kula samaki wako, Harold."

Basi mwaka mmoja zikaja habari kwamba serikali imeipa kampuni ya watu binafsi kazi ya kuunganisha taarifa za wagonjwa wa nchi nzima. Televisheni ikabishana asubuhi na jioni. Watu ambao hawakuwa wamekanyaga zahanati kwa miaka wakaja mbio, nyuso zimekunjamana, wanataka kujiondoa. Meneja akawapa wapokezi sentensi moja ya kuwatuliza: majina yataondolewa. Glenys aliisema mara nyingi mpaka ikawa inamtoka kama chafya. Hakuna aliyemwonyesha hayo majina yanaondolewaje. Aliambiwa aseme, akasema, na hilo ndilo lililokuja kumchoma.

Ijumaa moja baada ya Pasaka, Noreen Haslam aliingia akiwa na mwavuli unaochuruzika maji. Huyu na Glenys walikaa dawati moja shuleni, wakaolewa mtaa mmoja. Noreen alikuwa na mtoto mmoja tu, Keeley, na Keeley alikuwa amepata kazi katika kampuni ile ile iliyokuwa ikitajwa kwenye habari. Noreen alijigamba kwa kazi hiyo mpaka wauza nyama wakachoka. Siku hiyo hakuwa na majigambo.

"Nitoe," alisema. "Nitoe kwenye makompyuta yao."

"Na wewe habari za asubuhi."

"Sina mzaha leo, Glen."

Glenys akabonyeza panapobonyezwa. "Haya, tayari. Zahanati hii haitatoa taarifa zako."

"Na za hospitali?"

"Za hospitali zina mlango wake mwingine, unakataa mwenyewe. Na zilizokwishatoka zamani, sijui. Lakini usihangaike, mwenzangu, majina yataondolewa."

Noreen akacheka kicheko kibaya. "Jina la nini? Mwanamke wa umri wangu, wa mtaa huu, aliyelazwa wodi ya wagonjwa wa akili mwaka ule ule aliojifungua, mwenye binti mmoja. Tuko wangapi hao, Glen?"

Mkono wa Glenys ulikuwa umeshapandisha redio. Noreen akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa kioo.

"Nina uvimbe. Kwenye titi. Tangu Krismasi."

"Mungu wangu. Ngoja, daktari yupo, nakuingiza sasa hivi."

"Huniingizi popote. Nikiingia atafungua faili. Atanipeleka hospitali, na wao watafungua. Kila atakayefungua atakutana na lile kwanza. Na Keeley amekaa pale pale yanapopita."

"Keeley hawezi kuyaona."

"Niapie."

Glenys alifungua mdomo. Ile sentensi ilipanda mpaka kooni ikakataa kutoka. Noreen aliona, akachukua mwavuli wake akaenda zake, na mzee aliyefuata kwenye foleni akalalamika kwamba redio inampasua masikio.

Lile lenyewe Glenys alilijua, tena si kwa kusoma. Noreen alipojifungua Keeley alikosa usingizi, akakosa na akili zake. Asubuhi moja ya baridi Glenys alimkuta kando ya mfereji wa mashua, kigari cha mtoto kimeelekea majini, magurudumu ya mbele yameshalowa, na mikono ya mama imekiachia. Glenys alikidaka. Hakumwambia mtu, hata Harold. Noreen mwenyewe ndiye aliyemweleza daktari, na daktari akaandika, kama ilivyompasa.

Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wahenga hawakukaa mapokezi. Glenys alirudi nyumbani akaweka chai ikapoa. Kumwambia Keeley ni kuvunja amana ya maisha yake yote. Kunyamaza ni kumzika Noreen kwa mkono wake mwenyewe. Daktari akimpigia, Noreen hatapokea; Glenys anamjua. Alikasirika, na hasira ikakosa pa kutua: mara kwa serikali, mara kwa kampuni, mara kwa Noreen, mwisho ikamrudia mwenyewe na chafya yake ya majina yataondolewa.

Jumamosi alivaa koti akaenda kwa Noreen, nyumba ya nne kutoka kwake. Mlango ulifunguliwa na Keeley, aliyekuja jana yake kumtembelea mama yake.

"Shangazi Glen! Ingia, chai iko tayari. Hebu sema na mama yangu. Tangu jana usiku haniangalii usoni, utadhani nimeuza figo zake."

Jikoni Noreen alikuwa amekaa na koti lake, kama mgeni kwake. Alimtazama Glenys kwa macho ya mtu anayeshikilia mlango usifunguke.

"Ni hizo habari za televisheni, najua," Keeley alisema akimimina chai. "Hatuoni watu, mama. Tunaona mistari. Mamilioni ya mistari, haina sura wala jina."

"Na ukitaka kumjua mmoja?" Noreen aliuliza.

"Kwa nini nitake?"

"Nimesema ukitaka."

"Ni marufuku. Mtu anafukuzwa kazi, anashtakiwa."

"Sikuuliza kama ni marufuku, Keeley."

Keeley akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. "Sijui," alisema mwishowe. "Kusema kweli, sijui."

Kikombe cha Noreen kiligonga kisahani. Glenys aliona mambo yote yanafungika palepale, na hakuwa na ruhusa ya kuyafungua. Akafanya jambo pekee alilojua kulifanya mtu anaposhindwa kusema. Aliinuka, akanyoosha mkono kwenye rafu, akawasha redio ya Noreen, akaipandisha juu. Mtangazaji wa mpira akajaa jikoni akipiga kelele za kona.

Noreen alimgeukia.

"Zima, Glen."

"Noreen, mimi nilitaka tu..."

"Zima, nimesema. Huyu ni mwanangu, si foleni."

Glenys akazima, na Noreen akasema. Hakulipamba jambo wala hakulipunguza: mfereji, kigari, mikono iliyoachia. Kisha akasema la uvimbe, na kwa nini hatakwenda. Keeley hakulia. Alimgeukia Glenys, midomo imepauka.

"Nani alikidaka?"

"Mimi."

Keeley akachukua funguo za gari akatoka. Walimsikia akiwasha injini, wakamsikia akiondoka. Noreen hakusimama. "Unaona?" alisema. "Majina hayakuondoka, ameondoka mwanangu."

Jumapili gari halikurudi. Glenys alilala kwenye sofa ya Noreen bila kuulizwa, na Noreen hakumfukuza. Alimbembeleza kuhusu daktari, akamfokea, akambembeleza tena. "Bila yeye siendi," Noreen alisema, na neno lake likabaki hilo hilo.

Jumatatu saa mbili simu zilifunguliwa, zikaanza kugombana kama kawaida. Viti vilikuwa vimejaa watu wenye makoti yaliyolowa. Glenys aliinua mkono wa simu, macho yanamwasha.

"Zahanati, habari za asubuhi."

"Nataka miadi ya mama yangu. Leo."

Ilikuwa sauti ya Keeley. Glenys alishika ukingo wa kaunta. Utaratibu ni utaratibu, na hakuwa na maneno mengine.

"Naomba kujua, ni kuhusu nini?"

"Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, tangu Krismasi. Nimefika kwake alfajiri, nimemshika mkono hapa, analia na ananikanyaga mguu ninyamaze." Sauti ikakatika, ikarudi. "Kule kujiondoa kwake kwenye makompyuta kusiguswe, shangazi. Hata mimi nimejiondoa, kazini wakasirike wakipenda. Lakini kwa daktari mwandike kwa jina lake lote. Noreen Margaret Haslam. Mama yangu."

Glenys akaandika. Redio alikuwa hajaiwasha, na watu wote waliokaa kwenye viti wakamsikia akilia.